Kutoka Shimo la Choo hadi Kioo cha Ultrasaundi

Zamani aliyetaka kuyajua matende ilimbidi akeshe. Watoto wa minyoo ya filaria inayoleta matende na mabusha, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, mchana kutwa hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku ukiingia hujitokeza kwenye damu ya karibu na ngozi, na huwa wengi zaidi kati ya saa nne na saa nane, muda uleule ambao mbu wa mjini yuko kazini. Ndiyo maana watafiti wa pwani ya Tanzania walifanya kazi saa za walinzi. Walipanga meza na taa, wakatoboa vidole vya watu waliojifunika mashuka huku wakipiga miayo, wakapaka tone la damu kwenye kioo kidogo na kusubiri asubuhi wakitazame kwa darubini.

Kazi hiyo ilileta hesabu nzuri: kijiji hiki kina wenye vimelea wangapi, mtaa ule wangapi. Lakini waliohesabiwa walikuwa watoto tu. Wazazi wao, majike ya urefu wa sentimita 8 hadi 10 na madume yasiyofika nusu ya hapo, hawakuonekana. Hao huishi miaka mingi ndani ya mishipa ya limfu, mishipa myembamba inayopitisha majimaji yasiyo na rangi, ambayo eksirei ya kawaida haiioni kabisa. Daktari aliweza kuuona mguu uliovimba na busha lililoning'inia. Kilichotokea katikati, tangu mbu alipouma hadi kiatu kilipokataa kuingia, kilibaki gizani.

Gizani humo kila mtu alijaza maelezo yake. Hadi leo ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa Tandika au Manzese, hutakosa mzee wa kukuonya kwamba ukizidisha madafu utapata busha. Kuhusu mguu, wengine watakwambia mtu kakanyaga kitu alichotegewa njiani. Ni rahisi kuwacheka, ila hata wasomi wakubwa walipotea njia hiyohiyo. Mskoti Patrick Manson, aliyekuwa daktari huko Amoy, China, alionyesha mwaka 1877 kwamba vimelea vya filaria hukua ndani ya mbu. Lilikuwa jambo kubwa, kwani hakuna aliyekuwa amewahi kumkamata mdudu anyonyaye damu akilea ugonjwa wa binadamu. Hata hivyo, Manson aliamini kwamba mbu huyo hufia majini na mtu huambukizwa kwa kunywa maji. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla George Carmichael Low hajaonyesha, mwaka 1900, kwamba vimelea hutokea kwenye mdomo wa mbu wakati anauma. Kwa hiyo mzee wa madafu ana mwenzake wa kumwegemea.

Ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi pwani hii. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliandika katika kitabu chake cha 1872 juu ya wingi wa matende na mabusha kisiwani, kwa matajiri na kwa watumwa. Huko kwingine duniani vipande vya habari vilikuwa vikiokotwa kimoja kimoja. Jean-Nicolas Demarquay aliwaona watoto wa minyoo kwenye maji ya busha mjini Paris mwaka 1863, Otto Wucherer akawaona Brazili mwaka 1866, Timothy Lewis akawakuta kwenye damu mjini Calcutta mwaka 1872, na Joseph Bancroft akampata mnyoo mzima Brisbane mwaka 1876. Jina la kitaalamu la mnyoo huyo, Wuchereria bancrofti, limebeba wawili kati yao.

Dar es Salaam ilipoanza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860, ilikuwa sehemu ya ukanda huo wa pwani uliokwishajaa ugonjwa. Kilichoipa filaria sura ya mjini ni jinsi jiji lilivyotanuka. Sensa ya 1967 ilikuta watu takribani 273,000. Ya 1978 ikakuta wapatao 843,000. Mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36, na mwaka 2022 walifika milioni 5.38. Wengi wa waliohamia jijini hawakupangiwa viwanja vyenye bomba la majitaka. Walijenga Manzese, Tandale, Kigogo, Keko, Mtoni, Azimio na baadaye Mbagala, kila nyumba na shimo lake la choo uani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 halmashauri za miji zilivunjwa, zikarudishwa mwaka 1978, na katika miaka hiyo huduma nyingi za usafi zililegea. Mitaro iliziba.

Mbu wa kuleksi, yule wa mjini anayebeba filaria, alipewa karamu. Tofauti na anofelesi wa malaria, anayependa maji yenye nafuu ya usafi na mwanga wa jua, kuleksi hutaka maji yaliyooza: shimo la choo lenye maji, karo lililopasuka mfuniko, mtaro uliotuama. Kwenye bonde la Msimbazi na karibu na mkono wa bahari wa Mtoni, maji ya ardhini yako juu, na mashimo mengi hubaki na maji mwaka mzima. Mvua za masika zikianza, wapo wenye nyumba wanaotapisha vyoo, yaani wanatoboa ukuta wa shimo ili mafuriko yabebe uchafu bila gari la majitaka kulipwa. Jirani wa chini ndiye anayepata kilichotapishwa. Shimo linabaki na nafasi, maji mapya yanaingia, na siku chache baadaye mbu wanatoka kwa makundi kupitia tundu lilelile la kuchutamia.

Sayansi ya filaria Afrika Mashariki ilianzia mbali na Dar es Salaam. Mwaka 1949 kitengo cha utafiti wa filaria kiliwekwa Mwanza, na katika miaka ya 1950 daktari Peter Jordan alizunguka majimbo ya Tanganyika akipima damu za usiku na kuandika wapi ugonjwa umejaa na wapi haupo. Katika nchi jirani ya Uganda, kijana mmoja daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt aliona jambo la ajabu wilayani Lango: upande mmoja wa wilaya mabusha yalikuwa tele, upande mwingine machache mno. Aliandika juu yake mwaka 1951. Dunia inamkumbuka Burkitt kwa saratani ya taya za watoto iliyopewa jina lake, lakini tabia ya kuuliza ugonjwa unaishia wapi kwenye ramani aliianza na mabusha ya Lango.

Jibu zuri zaidi la tatizo la mashimo lilitoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Chris Curtis na Caroline Maxwell kutoka London, pamoja na wataalamu wa Zanzibar, walimwaga ndani ya vyoo vyenye maji punje nyeupe nyepesi za polisterini, aina ileile inayofungia televisheni mpya ndani ya boksi. Punje zilielea na kufunika maji yote. Kiluwiluwi wa mbu hupumua kwa mrija anaouchomoza juu ya maji, na hapo hakupata pa kuuchomoza. Wakati huohuo wakazi walipewa dawa ya DEC mara moja. Kiwango cha wenye vimelea kwenye damu kilishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 3 ndani ya miaka mitano. Moga, mji mwingine uliopewa dawa bila punje, vimelea vilianza kurudi kati ya mwaka wa tatu na wa sita. Mjini Zanzibar kwenyewe mashimo 3,844 yalitiwa punje, na mbu wa ndani ya nyumba wakapungua kwa karibu asilimia 65.

Dar es Salaam nayo ilijaribu. Miaka ya 1970 watafiti wa Shirika la Afya Duniani waliokuwa na kituo jijini walichanganya usafi wa mitaa na dawa ya kuua viluwiluwi. Kuanzia 1988 hadi 1996 Japani ilifadhili mradi wa kudhibiti malaria mijini, Dar es Salaam na Tanga, na ndani yake mitaro ilifukuliwa na mashimo yakatiwa dawa. Punje za polisterini zilipimwa jijini pia, na matokeo yake yakachapishwa 1995. Tatizo lilikuwa wingi. Makunduchi ni mji mdogo wenye mwisho. Kinondoni na Temeke kila mwezi zinachimba mashimo mapya.

Wakati wataalamu wa mbu wakihangaika na shimo, kundi jingine la madaktari lilihangaika na mshipa. Habari yao ni ndefu kuliko ya filaria yenyewe. Mwaka 1622 Mtaliano Gaspare Aselli alimpasua mbwa aliyetoka kula, akaona nyuzi nyeupe zikimetameta tumboni. Alipoukata mmoja ukatoka ute kama maziwa. Hiyo ilikuwa mishipa ya limfu iliyobeba mafuta ya chakula. Mwaka 1787 Paolo Mascagni alichapisha michoro ya mishipa hiyo katika mwili mzima wa binadamu, aliyoipata kwa kuijaza zebaki kwenye maiti. Kwa mtu aliye hai, ilibidi kungoja hadi mwaka 1952, John Kinmonth wa Hospitali ya St Thomas', London, alipodunga rangi ya buluu kati ya vidole vya mguu. Rangi ilifuata limfu, mshipa ukajionyesha chini ya ngozi, akauchoma kwa sindano nyembamba kama unywele na kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ilikuwa kazi ya saa nyingi, na mguu wenye matende makubwa haukuwa mguu wa kuchezewa namna hiyo. Baadaye ikaja njia ya upole zaidi: chembe chache za mnururisho hudungwa kwenye kidole, na kamera ya gama huzifuata zikipanda mguuni.

Mapinduzi yalitokea Recife, Brazili, mji wa joto wenye mitaro michafu na kuleksi wengi kama Temeke. Mwaka 1994 kundi la daktari Gerusa Dreyer lilitangaza kwamba ultrasaundi, mashine ileile ya kumtazamia mtoto tumboni, imewaonyesha minyoo wakubwa wakiwa hai ndani ya mishipa ya limfu ya korodani. Walikuwa wakijinyonganyonga bila kupumzika, mahali palepale, siku baada ya siku. Wakauita mwendo huo ngoma ya filaria. Mwaka huohuo David Freedman na wenzake walichapisha picha za kamera ya gama za watu wa Recife, wakiwemo wenye vimelea ambao miguu yao haikuwa na uvimbe wowote. Mishipa ya limfu ya watu hao wanaojiona wazima ilikuwa imekwishaharibika. Miaka kadhaa baadaye uchunguzi wa watoto huko Kerala, India, wenye filaria ya jamii nyingine, uliona mabadiliko hayohayo kwa wanafunzi wa shule.

Hapo ndipo maelezo ya zamani yalipoanguka. Vitabu vilifundisha kwamba mnyoo huziba mshipa, na maji yakakosa njia. Picha zilionyesha mshipa uliotanuka, si ulioziba. Mfumo wa limfu hauna moyo wa kuusukuma. Hutegemea misuli ya miguu, kujikaza kwa kuta zake na vali ndogo zinazozuia maji kurudi chini. Mnyoo aliye hai huulegeza mshipa hadi vali hazikutani tena. Maji hubaki mguuni, na ngozi iliyolowana ndani kwa ndani hupasuka katikati ya vidole. Bakteria wa kawaida wa kwenye vumbi huingia hapo, mtoki unavimba kinenani, homa inapanda, mguu unawaka moto siku kadhaa, na kila shambulio linapoisha ngozi inabaki ngumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo kinachougeuza mguu kuwa tende kubwa ni mashambulizi hayo, na silaha yake ni nyepesi mno kuaminika: maji na sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, kuinua mguu ukikaa, mazoezi, na viatu vinavyoenea.

Tanzania ilishiriki katika sura hii kwa kazi iliyofanyika Kimang'a, kijiji cha Pangani mkoani Tanga. Mark Taylor wa Liverpool, Achim Hoerauf wa Ujerumani na Williams Makunde wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, waliwachukua watu 72 wenye vimelea. Baadhi walipewa doksisaiklini, dawa ya kawaida ya duka la dawa, miligramu 200 kila siku kwa wiki nane; wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Lengo halikuwa mnyoo moja kwa moja. Ndani ya mnyoo wa filaria huishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo hawezi kuishi vizuri bila yeye. Baada ya miezi 14 ultrasaundi ilipopitishwa tena, minyoo hai walionekana kwa watu 6 tu kati ya 27 waliokunywa dawa, na kwa 24 kati ya 27 wa upande wa pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet. Pasipo ultrasaundi, kifo cha mnyoo mzima kingebaki kitu cha kukisiwa.

Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa kitu kingine. Mpango wa Taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza Mafia mwaka 2000, ukafika jijini mwaka 2006: watu wote wanaostahili, wagonjwa na wasio wagonjwa, walimezeshwa aivamektini na albendazo, dawa zinazotolewa bure na kampuni za Merck na GSK. Aliyeubeba mpango huo kwa miaka mingi ni Dk. Mwele Malecela, mtafiti wa filaria aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, na kuanzia 2018 mkuu wa idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa ya aina hii. Alifariki Februari 2022. Utafiti aliofanya na wenzake jijini, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta maambukizi yamepungua sana kuliko miongo iliyopita, ingawa hayajakwisha.

Kingatiba hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja wa maneno. Mgawa dawa alisimama mlangoni na fimbo ya kupimia urefu, akamwambia kijana wa miaka 25 ameze vidonge vinne vya ugonjwa ambao hana. Kijana akauliza kwa nini. Wengine wakaongeza uvumi kwamba dawa zinaua nguvu za kiume. Jibu lilikuwepo: picha za Recife na Kerala zilikuwa zimekwishaonyesha kwamba mshipa huharibika kabla mguu haujavimba, na kwamba mzima wa leo anaweza kuwa na minyoo wanaocheza ndani yake. Picha hizo hazikumfikia kijana wa Temeke. Alifikiwa na bango na kipaza sauti.

Kuwatafuta waliokwishaumia kulihitaji njia nyingine. Wahudumu wa afya wa jamii walipita mitaani Dar es Salaam na kutuma taarifa za wagonjwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Waliwapata 6,889: wenye matende 4,169, wenye mabusha 2,251, na wenye yote mawili 469. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Kwa jiji lililodhaniwa limeuacha ugonjwa wa vijijini nyuma, ni idadi ya kushtua. Wengi wa watu hao hawakuwa wamefichwa na mtu. Walijificha wenyewe, kwa kanzu pana na kwa kuacha kwenda kwenye shughuli.

Wa mabusha wana bahati kidogo, kwa kuwa uchunguzi wao ni rahisi kuliko wote. Daktari huzima taa ya chumba, akaweka tochi upande mmoja wa pumbu. Mwanga ukipenya hadi upande wa pili kwa wekundu mwepesi, ni maji. Ukigoma, huenda ni ngiri au uvimbe mgumu, na hapo ultrasaundi inahitajika. Operesheni yake hufanyika katika hospitali za kawaida za rufaa za mkoa kama Mwananyamala, Temeke na Amana.

Miguu ni kazi ngumu zaidi, maana si kila mguu au mkono uliovimba Dar es Salaam umevimba kwa filaria. Upo uvimbe wa saratani ya Kaposi, ambayo huziba limfu na kuacha mabaka meusi kwenye ngozi. Upo mkono unaovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi, tezi za kwapa zikiwa zimeondolewa. Hao ni wagonjwa wanaojulikana vizuri katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Yupo pia mkulima wa nyanda za juu aliyetembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano na kuvimba miguu bila mbu wala mnyoo kuhusika. Moyo na figo nazo hujaza miguu maji. Wote hawa mtaani huitwa wana matende, na wakati mwingine hupewa dawa moja.

Ultrasaundi imejaa Kinondoni na Temeke, hata kwenye zahanati za ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Kinachopungua ni kichwa chake cha masafa ya juu kinachofaa kwa mishipa midogo, na mtaalamu aliyefundishwa kumtofautisha mnyoo anayecheza na damu inayopita. Wizara inaweza kuanzia hapo, kwa hospitali tatu za mkoa wa Dar es Salaam tu. Nao waratibu wa kingatiba, watakaporudi mitaani, waache bango nyumbani. Video ya minyoo hai ndani ya mshipa wa mtu asiye na uvimbe ni ya sekunde chache na simu ya mjumbe wa mtaa inaitosha. Waionyeshe kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, ndipo watoe vidonge.